Mtaro wa mvua unatiririka Februari na mvua haijanyesha. Hayo maji ni ya nani?

#1 JiraniWaMto (South B)

Hamjambo nyote. Andiko ni refu, mnivumilie, jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu Ijumaa.

Ninaishi South B hapa Nairobi, huu mwaka wa kumi na nne. Nyuma ya lango letu unapita mtaro wa maji ya mvua, ule wa kujengewa mawe, unaoanzia barabarani na kuteremka hadi Mto Ngong. Masika ukifurika tunalalamika, ukinywea tunausahau. Ijumaa nilikuwa nimesimama hapo nikimngojea mwanangu, jua la utosi, wiki ya tatu bila tone la mvua, nikasikia maji. Nikachungulia. Mtaro unatiririka. Maji ya kijivu, yana povu pembeni, yanaenda mbio.

Mtaro wa mvua, na mvua haipo. Yametoka wapi?

Jana nikavaa gambuti, nikamchukua mwanangu wa kidato cha pili awe karani wangu, tukaufuata mtaro kutoka langoni petu hadi mtoni. Tulihesabu mabomba 23 yaliyotobolewa ukutani kuingia mtaroni. Mengi ni ya gata za paa, na yalikuwa makavu kama inavyotakiwa. Saba yalikuwa yakitoa maji. Moja liko chini ya mahali pa kuoshea magari, maji yake meusi yenye utando wa mafuta unaomeremeta. Matatu yalikuwa ya sabuni, ya kufulia na jikoni. Mawili harufu ilitutangulia kabla hatujayaona. Ni ya choo. La saba si bomba hasa, tulilihesabu tu pamoja na mengine, na ndilo tulilosimama mbele yake muda mrefu. Barabara ya juu kuna chemba ya majitaka iliyoziba, inafura. Mtu amechukua jembe akachimba kijifereji kutoka kwenye chemba hadi kwenye mtaro, ili uchafu usimwingilie getini. Kingo za kijifereji zimeota nyasi. Hiyo kazi haikufanywa jana.

Chini kabisa, mtaro unapoingia mtoni, kuna ulimi wa tope jeusi lililojaa chupa za plastiki. Hatua chache kutoka hapo ni mtaa wa mabanda wa Mukuru Kayaba, watoto wanacheza ukingoni. Na mimi ni mmoja wa wale ambao miaka yote tumekuwa tukisema mto unachafuliwa na watu wa mabandani. Maji ya mabomba yale yote saba yalitoka upande wetu, nyumba zenye vigae na taka zinazozolewa kila Alhamisi.

Sasa hoja yangu. Mito ya Nairobi imesafishwa mara nyingi. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilianzisha mpango wa bonde la Mto Nairobi mwaka 1999. Marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, alifanya watu waamini kwamba inawezekana, na bustani pale kando ya mto inaitwa kwa jina lake. Kuna Tume ya Mito ya Nairobi. Tangu 2024 vijana wa Climate WorX, mpango wa serikali wa kuajiri vijana, wameingia mtoni kwa mikono yao na kutoa taka ambazo wengi wetu tusingegusa kwa mti. Nawaheshimu sana. Lakini tukiusafisha mto chini huku mitaro inaujaza kutoka juu, kesho tutawarudisha vijana hao hao mahali pale pale.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema wazi: mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo naomba tuuache mto kidogo tuzungumzie mtaro. Kaunti ya Nairobi ifanye nini, na ianzie wapi?

#2 MzeeWaMitaro

Binti yangu, pole kwa kutembea kote huko. Mimi nimezibua mitaro ya jiji hili tangu enzi za Kanjo, yaani baraza la jiji, chini ya wakandarasi tofauti, hadi magoti yakakataa.

Sisi tulikuwa na msemo kazini: maji ya kiangazi yana mwenyewe. Mtaro wa mvua ukiwa na maji siku ya jua, usiangalie mbinguni, angalia kuta. Ukifuata unyevu utafika mlangoni mwa mtu. Mara nyingi hata mwenye nyumba hajui. Fundi aliambiwa aunganishe choo, akaona bomba kubwa la majitaka liko mbali na mtaro uko karibu, akamaliza kazi kwa siku moja, akalipwa, akaenda zake.

Jambo la pili ambalo watu hawalijui. Mvua chafu kuliko zote ni ile ya kwanza, nusu saa ya kwanza. Miezi miwili ya ukavu barabara inakusanya vumbi la matairi, unga wa breki, matone ya oili, mavi ya mbwa, majivu ya taka zilizochomwa, kila kitu. Mvua ya kwanza inakusanya yote hayo pamoja na kuyamwaga mtoni siku moja. Ndiyo maana mwisho wa Machi mto unakuwa mweusi kuliko Mei, ingawa Mei maji ni mengi zaidi. Kwa hiyo kufagia barabara na kutoa tope mtaroni kabla ya masika kunafaa mara kumi kuliko kufanya hivyo Aprili wakati watu wanapiga kelele.

Na la tatu, hili linaniuma. Tulikuwa tunachota tope kutoka mtaroni tunaliweka pale pale ukingoni eti likauke kwanza, lori litakuja. Lori halikuja. Mvua ikaja. Tope likarudi ndani. Mwaka uliofuata tukalichota tena lile lile, na mkandarasi akalipwa tena. Nimelipwa ujira kwa tope moja mara tatu. Ukiandika mapendekezo yako, andika hili kwa herufi kubwa: malipo yatolewe kwa tope lililofika jalalani, yasitolewe kwa mita za mtaro uliochimbuliwa.

#3 MekanikaWaMjini

Nimesoma nikafika kwenye mahali pa kuoshea magari nikajua sasa zamu yetu imefika. Mimi nina gereji ya jua kali, tuko mafundi kumi na mmoja kwenye uwanja mmoja, mto tunauona kutoka tunapofanyia kazi.

Niseme ukweli wote. Oili chafu hatumwagi, kwa sababu ina soko. Kuna wanaoinunua kwa mitungi, wengine wanapaka mbao na nguzo mchwa wasile. Kinachoingia mtaroni ni kile cha kuoshea injini: petroli kidogo, mafuta ya taa, sabuni ya unga, na grisi iliyoyeyuka. Hicho hakuna anayekinunua. Tunamwaga chini, ardhi imeshashiba kitambo, mvua ikinyesha unaona uwanja mzima unateremka kwa rangi saba.

Askari wakija wanakamata mtu mmoja, tunachanga, anatoka, kazi inaendelea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kutuonyesha tufanye nini na hayo maji. Sisi tuko tayari kuambiwa. Tusichotaka ni kufukuzwa halafu wenzetu wakafungue mahali pengine wamwage kule.

#4 JiraniWaMto

Kaka Mekanika, asante kwa kusema bila kuficha. Nakiri nilipoona yale maji meusi jana, kitu cha kwanza nilichotaka ni mtu apigwe faini. Sasa nauliza, mtu akikuonyesha mungefanya nini hasa? Kuna kitu cha bei nafuu?

#5 MhandisiMaji

Dada, kipo. Kinajengwa kwa matofali na saruji, shimo lenye vyumba vitatu. Maji machafu yanaingia chumba cha kwanza, mchanga na tope vinazama chini. Mafuta ni mepesi, yanaelea juu. Kutoka chumba kimoja kwenda kingine unaweka bomba lenye elbo, kile kiungo cha kona, inayoangalia chini, mdomo wake uko kati, kwa hiyo linavuta maji ya katikati tu. Tope linabaki chini na mafuta yanabaki juu. Mafuta unayachota kwa kopo kila wiki na kuyaweka pamoja na ile oili inayouzwa. Fundi mwashi yeyote wa mtaani anaweza kulijenga kwa siku tatu. Ila lisipochotwa halina maana yoyote, na sabuni nyingi huyavunja mafuta yakachanganyika na maji yakapita. Kwa hiyo kuoshea injini kwa sabuni ya unga kuna uharibifu wake.

Mafundi kumi na mmoja kwenye uwanja mmoja wanahitaji shimo moja. Kaunti inawatoza leseni ya biashara kila mwaka. Sehemu ndogo ya fedha hizo ikijenga mashimo ya pamoja kwenye viwanja vya jua kali, na leseni ikaambatana na ukaguzi wa shimo, umepunguza mafuta mengi mtoni bila kumfukuza mtu.

Nirudi kwa JiraniWaMto, maana alichokifanya jana na mtoto wake kina jina kazini kwetu, ukaguzi wa kiangazi, na kina sheria mahali pengine. Marekani mwaka 1987 walirekebisha sheria yao ya maji safi, na tangu hapo miji inahitaji kibali kwa ajili ya mitaro yake ya mvua, kama vile kiwanda kinavyohitaji kibali cha kumwaga maji. Mojawapo ya masharti ni kutafuta mabomba haramu. Mkaguzi anangoja siku kama tatu zipite bila mvua, halafu anatembelea mdomo wa kila mtaro. Mkavu, anaandika na kuendelea. Una maji, anapima, anapanda nao juu chemba kwa chemba hadi kwenye chanzo. Akishuku nyumba, anatia rangi isiyodhuru chooni na kungoja itokee mtaroni. Ikitokea, hakuna mabishano tena.

Fedha za Marekani hatuna, lakini gambuti, daftari na rangi tunavyo. Nairobi ilijengwa kwa mifumo miwili mbali mbali, majitaka bomba lake na mvua mtaro wake. Kuna miji ya zamani duniani ambako maji hayo yanapita bomba moja tangu siku ya kwanza, na kuyatenganisha sasa ni mabilioni. Sisi tulianza vizuri. Tumeyachanganya wenyewe kwa mikono: choo kimeingizwa mtaroni, na gata zimeingizwa kwenye bomba la majitaka. Hili la pili ndilo linalofanya chemba zifure kila mvua ikinyesha, na chemba ikifura inamwagikia mtaroni. Makosa mawili yanalishana.

#6 KayabaKwetu

Asante JiraniWaMto kwa kuandika ile sentensi kuhusu watu wa mabandani. Sijawahi kuona mtu wa upande wenu akiiandika.

Mimi nimezaliwa hapa. Ni kweli sisi pia tunachafua. Choo cha watu wengi kikijaa na lori la kunyonya haliwezi kupenya kwenye kichochoro, kitafunguliwa usiku kielekee mtoni. Sijivunii. Lakini mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, watu wetu wakakaa mikutanoni wakieleza wanataka barabara zipite wapi na mabomba yapite wapi. Baadhi ya hizo barabara na mabomba tumeviona. Ambako bomba limefika na watu wameunganishwa, kichochoro kimekauka, unaweza kutembea na viatu vya ngozi. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba watu wa hapa hawataki usafi.

Mafuriko ya 2024 yalipoisha, amri ikatoka ya kuhama kingo za mto, na matingatinga yakaja. Najua sheria ya ukingo, kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka mita 6 hadi 30. Wala sipingi mto uwe na nafasi yake, nilimzika jirani. Ninachouliza ni hiki: yale maji yaliyotujia usiku ule yalitoka kwenye paa gani na maegesho gani? Kuna mtu huko juu aliulizwa chochote?

#7 MwenyePlotiKilimani

Huko juu tunalipa kodi ya ardhi, tunalipa vibali vya ujenzi, tunalipa NEMA, mamlaka ya mazingira. Maji ya mvua yametoka kwa Mungu, sasa nayo mnataka tuyalipie?

#8 MhandisiMaji

Mzee wangu wa Kilimani, tuyapime pamoja kabla hatujakasirika. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 465. Mvua ya milimita 40, ambayo Aprili si ajabu, inaangusha zaidi ya lita 18,000 kwenye ploti hiyo moja. Zamani ilipokuwa na nyumba moja na bustani, udongo mwekundu wa huko kwenu ulikuwa ukinywa sehemu kubwa. Sasa ni ghorofa na kabro, yale matofali ya kutandaza uani, iliyozibwa saruji hadi ukutani. Karibu lita zote hizo zinatoka getini kwenu ndani ya saa moja, zikiwa zimebeba mafuta ya maegesho na zinki ya mabati. Mungu ameleta mvua. Mwendo wake na uchafu wake tumeviongeza sisi.

Philadelphia wana mpango wa miaka 25 ulioanza 2011. Badala ya kuchimba mabomba makubwa peke yake, wanapanda bustani zinazonywa maji kando ya barabara, na ada ya maji ya mvua inahesabiwa kwa ukubwa wa eneo gumu la ploti. Ukiondoa saruji ukaweka kitu kinachonyonya, ada inapungua. Sisemi tuige kila kitu. Upande wa magharibi wa jiji, Karen, Lavington, Kilimani, udongo mwekundu unanyonya, shimo la changarawe linafanya kazi. Embakasi na upande wote wa mashariki ni udongo mweusi, kiangazi unapasuka mguu unaingia, ukilowa unafura na kufunga kabisa. Ukichimba shimo la kunyonyea kule umechimba dimbwi la mbu. Kule dawa ni matangi, na maeneo ya wazi ya kushikilia maji yapite polepole. Sera moja ya kubandika jiji zima itaharibu nusu yake.

#9 MwenyePlotiKilimani

Hiyo hesabu sikuwahi kuifanya, naipokea. Lakini mjue ada yoyote mtakayoniwekea itaishia kwa mpangaji. Mimi nitapandisha kodi ya nyumba, na mpangaji ndiye hana la kusema. Kama mnataka nijenge tangi, niambieni kabla sijajenga nyumba, siyo miaka minane baadaye.

#10 MkulimaRuai

Mimi nasoma tu kila siku, leo nimelazimika kuandika.

Nyinyi mnaongea juu ya mtaro unakoanzia. Mimi ndiye unakoishia. Nalima sukuma wiki na terere karibu na mto huku Ruai, mashariki mwa jiji, nikinyunyizia kwa jenereta ndogo, na mboga hizo hizo zinarudi mjini asubuhi kwa pikapiki. Mnazila. Mvua ya kwanza ikinyesha huko kwenu, mimi naijua bila kuangalia taarifa ya hewa, maji yanakuja na harufu ya mafuta na rangi ya chai ya rangi. Siku hizo sinyunyizii. Nangoja siku tatu nne, jua likiwa kali naangalia majani yakikunjamana. Jirani zangu hawawezi kungoja wote.

Tulielezwa na watu wa kilimo kwamba uchafu wa choo unaweza kuoshwa kwenye jani kwa maji safi na kupikwa ukafa. Ila risasi na madini kama hayo mmea unayavuta kwa mizizi. Hayo hata ukiosha mara kumi umeosha nje tu. Tangu niambiwe hivyo nikimwona mtoto anakula mboga zangu sijisikii vizuri, na ni watoto wangu pia.

Na baada yangu mto unaingia Athi, unaenda hadi Sabaki, baharini kule Malindi. Watu wote hao.

#11 JiraniWaMto

MkulimaRuai, nimesoma maneno yako mara mbili kwa sauti mezani. Mume wangu akanyamaza. Tulikuwa tumekula sukuma.

Wiki hii nimefanya kazi ya kuuliza mtaro wetu ni wa nani. Nilikwenda ofisi tatu. Ya kwanza ikasema sehemu ya juu iko kwenye hifadhi ya barabara, niende kwa wa barabara. Wa barabara wakasema wao wanashughulikia maji yanayotoka kwenye lami tu, mabomba ya nyumba siyo yao. Ya tatu ikasema chemba iliyofura ni ya kampuni ya maji, lakini kijifereji kilichochimbwa hakiko kwenye ramani yao. Kila mmoja alinijibu kwa adabu. Na kila mmoja, kwa kipande chake, alikuwa anasema kweli! Mtaro wa kilomita mbili una wenyewe wengi, na maji machafu hayajui mpaka.

Kwa hiyo nimeandika ombi kwa Bunge la Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuliandikia bunge la kaunti ombi, huhitaji wakili. Nawawekea kiini chake hapa mlikosoe kabla sijalipeleka.

Ombi la kwanza na kubwa ni ukaguzi wa kiangazi. Kila Januari hadi mwanzo wa Machi, na tena Agosti na Septemba kabla ya vuli, kila mdomo wa mtaro unaoingia kwenye Mto Nairobi, Ngong, Mathare na vijito vyake utembelewe siku ya ukavu. Kila mdomo upewe namba iliyopakwa rangi mahali pake, na orodha ibandikwe ofisi ya wadi: namba, mkavu au una maji, umefuatwa hadi wapi. Kaunti ina wadi 85. Wakaguzi wawili kila wadi, kwa msimu, si jambo la kushinda jiji hili. Vijana waliokwisha kuingia mtoni wanaijua mito kuliko sisi wote. Nimependekeza waajiriwe hao kwanza.

Nimeweka kwamba anayekutwa na bomba haramu apewe notisi na siku za kurekebisha kabla ya faini, na kwamba palipo na bomba la majitaka karibu kaunti na kampuni ya maji waruhusu gharama ya kuunganishwa ilipwe kidogo kidogo. Mwanzoni niliandika faini kwanza. Nimelifuta kwa sababu ya MekanikaWaMjini na KayabaKwetu. Lakini anayerudia, au mwenye jengo kubwa aliyejua alichofanya, huyo nimemwacha na faini yake yote.

La pili ni ujenzi mpya. Kibali kisitoke bila mchoro unaoonyesha maji ya paa na ya maegesho yanakwenda wapi, na cheti cha kuruhusu watu kuhamia kisitolewe hadi mkaguzi amwage ndoo kwenye gata na nyingine chooni aone zinatokea wapi. Ndoo mbili tu. MwenyePlotiKilimani amesema aambiwe kabla hajajenga, nami naona ana haki. Kwa majengo ya zamani nimeomba punguzo kwenye kodi ya ardhi kwa anayeweka tangi au kuondoa saruji. Ada kwa eneo gumu sijaiweka. MhandisiMaji anaipenda, mimi bado namwona mpangaji.

La tatu ni la MzeeWaMitaro, neno kwa neno: mkandarasi alipwe kwa tope lililopimwa jalalani.

#12 MhandisiMaji

Ada siiachi, tutaijadili siku nyingine. Ombi ni zuri. Ongeza sentensi moja: maegesho makubwa ya maduka, vituo vya mafuta na stendi za matatu viwe na shimo la kutenganisha mafuta kama gereji. Haifai jua kali wabebe mzigo peke yao wakati kituo kinachomwagikiwa mafuta siku nzima hakiulizwi.

#13 KayabaKwetu

Na mimi naomba ukaguzi uanzie juu, ushuke. Kila zoezi huanzia kwetu kwa sababu sisi ndio tuko karibu na mto, fedha zinaisha kabla halijafika kwenye vigae.

#14 WakiliWaMtaa

JiraniWaMto, ombi likikaa bila majibu una njia mbili zaidi. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, andika barua uombe mikataba ya kuzibua mitaro ya wadi yako. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Pia Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilishatoa amri kuhusu mito hii na jalala la Dandora. Amri ni rahisi kutoa na ngumu kutekeleza, ndiyo maana nakushauri uanze na barua ya mikataba. Mkataba unaonyesha nani alilipwa kwa mtaro gani, na hilo halihitaji jaji.

#15 MzeeWaMitaro

Binti yangu, ombi litachukua muda, masika hayangoji. Ile chemba iliyofura ni ya kampuni ya maji, piga simu kila siku hadi waje, usijaribu kuifungua wenyewe, hewa ya humo inaua watu wazima. Lakini tope la ulimi pale mtoni mnaweza kulitoa. Magunia mnayo? Lisilale ukingoni hata usiku mmoja.

#16 JiraniWaMto

Nimepiga simu siku nne mfululizo, jana walikuja na lori, chemba imezibuliwa. Kijifereji cha jembe tumekifukia kwa udongo na mawe, mwenye geti mwenyewe alitusaidia. Leo asubuhi nimeenda kusikiliza. Mtaro bado una maji, ila yamepungua, na yale mabomba mawili ya choo nimeshajua ni ya jengo gani. Mwenye jengo anakuja Nairobi Jumatano, ameahidi tutaonana.

Magunia tunayo themanini, na lori la kwenda jalalani limeshalipiwa na kamati ya mtaa. Ni Jumamosi, saa moja asubuhi, kwenye kivuko cha miguu. KayabaKwetu amesema anakuja na vijana kumi. Ombi nitalipeleka Ijumaa, pamoja na daftari la mwanangu lenye mabomba yote 23.

#17 MekanikaWaMjini

Mimi nitakuwepo na mafundi wanne. Na mwambie yule wa kuoshea magari asiondoke Jumamosi. Matofali tumepata mabaki mahali, elbo ninazo mbili. Tutamjengea shimo lake kwanza tuone linavyofanya kazi, halafu tukajenge letu.